Niliambiwa Nihame, Nikapanda Migomba

Watu wenye akili wakiambiwa wahame huanza kutafuta maboksi. Mimi niliambiwa nihame siku ya Jumanne, na Jumamosi yake nilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo, suruali nimeikunja mpaka magotini, jembe la kuazima mkononi, napanda migomba.

Sikuwa na homa. Sikuwa nimekunywa. Nilikuwa na aibu tu, na aibu yangu mimi ina tabia ya kunishika mkono na kunipeleka mahali ambapo hata mlevi angesita kufika.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu Rungwe, nieleze kidogo ubaya wa nilichofanya. Mpangaji hapa hupanda mchicha. Hupanda maharage, mahindi, hata viazi mistari miwili mitatu, mradi kiwe kitu atakachokivuna kabla mwenye nyumba hajamchoka. Mgomba si wa mpangaji. Mgomba unakaa. Unazaa, na kabla haujafa umeshaacha watoto wamesimama pembeni, na hao nao wataacha wa kwao, hivyo hivyo mpaka mjukuu anakata mkungu kwenye shina alilolipanda babu yake. Anayepanda migomba ametangaza, bila kufungua mdomo, kwamba hapa ni kwake. Hilo analijua kila mtu, na mimi niliyezaliwa hapahapa, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu somo la kilimo kuliko masomo mengine yote, nililijua vizuri zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Makandana, hapa Tukuyu mjini, upande wa kwenda hospitali. Tuliipanga binti yetu akiwa anatambaa. Wakati ninaousimulia alikuwa kidato cha tatu na ananizidi urefu. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati lililoanza kushika kutu, jiko la kuni la nje, na baraza. Baraza ndiyo iliyonioa mimi. Ni fundi cherehani, na mafundi wenzangu wana vibanda sokoni, wanaamka, wanafunga vifungo vya shati, wanatoka. Mimi cherehani yangu ilikaa barazani, hatua chache kutoka kitandani, na wateja walinifuata wenyewe. Nilishona sare za shule, vitenge vya harusi, na zaidi ya yote sare za kwaya, maana huku kila kanisa lina kwaya na kila kwaya inataka rangi ambayo kwaya nyingine haina. Mke wangu, anayeuza parachichi na ndizi sokoni, alizoea kusema kwamba mimi nikitoka mpaka barabarani mbwa wa mtaa hunibwekea kwa kutonijua. Si kweli. Alikuwa ananibwekea mmoja tu.

Na kwa kuwa nilikaa hapo barazani miaka yote, niliwatazama wenzangu wakihama. Niliwatania. Kulikuwa na kijana mmoja fundi simu ambaye alikuwa hakai nyumba moja zaidi ya mwaka. Kila akipita amepanda nyuma ya kirikuu, kale kagari kadogo ka kubebea mizigo, ameshikilia godoro lisianguke, nilikuwa nasimamisha cherehani na kumwuliza kama kirikuu ameshaitolea mahari. Barazani kwangu watu walikuwa wanacheka. Nilijiona mwenye nyumba kabisa.

Mwenye nyumba wa kweli alikuwa mzee wa Kawetele, mkulima wa chai, mtu mpole. Jumanne hiyo alikuja na mvua. Alikunja mwavuli, akauegemeza kwenye nguzo, akakaa kwenye benchi la wateja, na tukasalimiana inavyotakiwa. Aliuliza afya yangu, afya ya mtoto, ya mama wa mtoto aliyekuwa sokoni, akaulizia mpaka cherehani. Nikampa chai. Akasifia chai. Kwetu neno zito halitangulii. Linakuja mwisho, mtu ameshasimama, na ndivyo lilivyokuja. Alikuwa ameshafungua mwavuli na kushuka ngazi moja, akageuka.

"Kijana wangu, mwanangu anarudi huku na familia yake. Mwezi wa saba ukiingia nitaihitaji nyumba."

"Sawa, mzee," nikasema.

Ilikuwa mwezi wa nne. Muda ulikuwa wa kutosha kabisa, na alikuwa na haki kabisa. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia ndaga fijo, asante sana, karibu tena. Mtu ananitoa ndani na mimi namkaribisha tena!

Nilirudi kwenye cherehani nikakaa. Sikuwaza tutakwenda wapi. Ningependa kuandika kwamba niliwaza hilo kwanza, lakini niliwaza nitapita vipi mbele za watu nimeshikilia godoro. Niliwaza umri wangu na wenzangu niliosoma nao walioezeka nyumba zao. Niliwaza jinsi nilivyomwambia mke wangu "tutajenga" mpaka neno lenyewe likaisha ladha, akaacha hata kuitikia.

Kabla sijamaliza kuwaza, jirani akaita kutoka ng'ambo ya wigo.

Jirani huyu nimweleze, kwa sababu bila yeye nisingefika mbali katika ujinga wangu. Alikuwa mama mjane, mkubwa kwetu kiumri, mwenye nyumba yake mwenyewe, shamba la migomba nyuma yake, na vyumba viwili vya uani alivyokuwa anapangisha. Alijua kila kinachopikwa mtaani kwa harufu. Alinipenda, nadhani, jinsi mtu anavyopenda redio inayokwamakwama.

"Fundi! Yule si mzee wako? Kaja na mvua yote hii kulikoni?"

"Kaja kutusalimia, mama."

"Kutoka Kawetele? Salamu gani hizo zisizosubiri jua?"

"Mama, akisubiri jua la Tukuyu si atakufa hajanisalimia?"

Akacheka. Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini kicheko cha mtu kina utamu wake, nikaongeza neno ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Ameona pale nyuma pako wazi sana. Kasema nipande migomba."

Nilisikia mvua kwenye bati lake.

"Migomba? Kasema hivyo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi huyo anakupenda. Au anakuuzia?"

Nilitabasamu. Nilitabasamu lile tabasamu la mtu ambaye mambo yake si ya kuzungumzwa juu ya wigo, na tabasamu hilo lilifanya kazi yote ambayo uongo ungefanya.

"Haya," akasema, "machipukizi usihangaike. Njoo Jumamosi nikung'olee ya kwangu. Jembe unalo?"

"Lipo, sema mpini wake..."

"Huna. Nakujua. Utachukua langu."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta shambani. Machipukizi huku hayauzwi kwa jirani. Mtu anakupa, na ukipewa huwezi kusema umebadili mawazo. Jumamosi hiyo mke wangu alikuwa sokoni. Yule mama aligeuza ndoo, akaikalia upande wa kwake, na kunisimamia kazi kupitia pengo la wigo.

"Chimba, fundi! Hapo hupimi kiuno cha mtu. Shimo liende chini. Weka na samadi. Wewe, hilo chipukizi unalibeba kama keki?"

Nilichimba. Mikono yangu inayojua sindano ilitoka malengelenge. Kila chipukizi nililolifukia nilijisemea kwamba hili ni la mwisho, nikimaliza namwambia. Nilipomaliza akanipigia makofi, na nikashindwa kumharibia furaha. Au ndivyo nilivyojidanganya. Kilichonishinda ni kuiharibu ile heshima mpya iliyokuwa machoni mwake.

Jioni mke wangu akarudi, akaweka tenga chini, akaona.

"Nani kapanda?"

"Mimi."

"Wewe?" Akanitazama mikono. "Na mwenye nyumba amekubali?"

"Alikuja hapa Jumanne," nikasema, "tukaongea."

Uone hapo. Kila neno ni la kweli. Niliuchukua ukweli kwa mkono, nikatembea nao mpaka katikati ya daraja, nikauacha.

Wiki chache zilizofuata mvua iliipenda ile migomba. Ilikataa kufa. Nilikuwa naiombea ikauke, nikatazama kila asubuhi, na kila asubuhi nikakuta jani jipya limetoka limejikunja kama gazeti. Habari nazo zikatoka vilevile. Wakaja akina mama wa kwaya kupimwa sare, mmoja ameinua mikono juu nimzungushie futi kamba, akaniambia juu ya kichwa changu, "Hongera, fundi. Tumesikia." Sikumwuliza wamesikia nini. Nilisema, "Asante, kifua kiko vilevile, nyonga imeongezeka," na wenzake wakamcheka yeye, kukawa salama. Hata yule fundi simu alipita akasimama. Akanipa mkono. Akasema, "Kaka, umetuonyesha njia." Huyo hakunitania hata kidogo, na ningeshukuru sana kama angenitania.

Halafu habari zikamfikia mke wangu sokoni.

Jioni moja niliingia jikoni nikakuta anapika mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, na nyama ilikuwa nyingi kuliko ya Krismasi. Alikuwa anaimba. Dirisha la sebuleni lilikuwa na pazia jipya, la maua, na yeye si mtu wa kununua pazia. Alinipakulia mimi kwanza. Akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono kwenye magoti.

"Ungeniambia," akasema.

Nikadhani amejua.

"Nimeambiwa na watu sokoni," akaendelea, "najifanya najua, kumbe sijui kitu. Nikasema moyoni, kumbe mwanaume huyu alikuwa anaweka kidogo kidogo, na mimi namsema kila siku kwamba hana mipango." Akainama kidogo, kama wanavyoinama mama zetu wa Kinyakyusa wakishukuru. "Ndaga fijo, baba."

Kila mtu ana nafasi yake ya kuwa mtu mzima, na yangu ilikuwa ile pale, imewekwa kwenye sahani inafuka moshi. Binti yetu alikuwa mlangoni anatabasamu. Ningesema maneno manne tu. Mzee ametuambia tuhame nyumba. Nilifungua mdomo.

Nikala.

Nilikula nikasifia. Akaniongeza. Nikala tena. Nimekula vyakula vichungu maishani mwangu, nimekula kwenye misiba mizito, lakini hakuna chakula kilichoshuka kwa taabu kama mbalaga ile tamu.

Baada ya hapo ilikuwa kama nimeshona shati na kuunganisha mkono nyuma mbele: kila mshono unaoongeza unazidisha kazi ya kufumua. Mke wangu alianza kupima jiko la nje kwa macho. Alisema tutalibomoa, tutajenga la tofali. Nikasema tusubiri kiangazi. Nilikuwa nikienda bafuni naoga muda mrefu ili nisiulizwe kitu. Nyumba ya kuhamia sikutafuta, maana kutafuta nyumba Tukuyu ni kumwambia dalali, na kumwambia dalali ni sawa na kupanda juu ya bati na kupiga ngoma.

Na nyumba ilinifuata yenyewe. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwishoni mwa mwezi wa tano yule mama jirani alikuja barazani na gauni la kupunguza. Alikaa kwenye benchi, akalalamika juu ya magoti yake na baridi, kisha akasema, "Wapangaji wangu wa uani wanaondoka. Wanakwenda Mbeya. Fundi, wewe unaonana na watu. Unamjua mtu mstaarabu anayetafuta vyumba viwili? Sitaki wa fujo. Nataka kama ninyi."

Kama ninyi! Kulikuwa na wigo tu kati yetu na vyumba hivyo. Binti yangu angeendelea kutembea kwenda shule kwa miguu. Wateja wangu wangenikuta kwa kugeuza shingo. Cherehani ningeibeba kwa mikono. Nilimwangalia mama wa watu, pini nimezibana mdomoni, na nilihisi neno limefika kooni kabisa. Lakini kwanza ningelazimika kumwambia kwamba machipukizi aliyonipa kwa upendo niliyapanda kwa uongo. Nikazitoa pini mdomoni.

"Nitakuulizia, mama," nikasema.

Nikamwulizia kweli. Wiki hiyohiyo alikuja mwalimu mmoja kijana, mgeni, kushonewa suruali, akaniambia analala gesti na anatafuta vyumba. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii isiyopenda kutoka, nilimpeleka mpaka mlangoni. Nikamsifia. Yule mama akanishukuru, akanipa mkungu mdogo wa ndizi kwa usumbufu. Nikarudi nyumbani nimebeba ndizi, nimemaliza kumpangisha mtu mwingine nyumba yangu.

Mzee wa Kawetele alikuja Jumapili mchana, watu wametoka ibadani, mwezi wa sita umeshakolea baridi. Safari hii hakuwa na mwavuli na hakukaa. Mzee wa kwetu asipokaa, ujue salamu amezimaliza njiani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikamfuata. Mke wangu akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga, uso unang'aa, maana alidhani mzee amekuja kukamilisha mambo.

"Shikamoo, mzee! Karibu, karibu sana."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anaitazama migomba. Ilikuwa imesimama vizuri, sina budi kusema. "Nimesikia huko Kawetele kwamba nimeuza nyumba yangu. Nikasema nije niulize niliuza bei gani, maana hela sijaziona."

Mke wangu akacheka. Alijua ni utani wa wazee. Akanigeukia nicheke naye, na kicheko chake kikabaki kinanisubiri, kikasubiri, mpaka kikachoka.

"Hii migomba ni ya nani?" mzee akaniuliza.

"Ni yako, mzee."

"Mimi nilikuja hapa na mwavuli. Sikuja na mgomba."

Ng'ambo ya wigo fagio la jirani lilikuwa linafagia. Likaacha.

"Siku ile nilikuambia nini?"

Aliuliza taratibu, kama mwalimu anayemsaidia mtoto. Nikajibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Nikasema kwamba aliniambia mwanawe anarudi na familia, na kwamba tuhame mwezi wa saba ukiingia.

"Ahaa," akasema mzee. Akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yanashuka. "Basi nilikuambia. Unajua, kijana wangu, watu walivyokuwa wananipongeza huko nilianza kuogopa. Nilimwuliza mama nyumbani, hivi mimi niliuza ile nyumba nikasahau? Uzee una mambo yake. Ndugu yangu mkubwa alianza hivyohivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilijiandaa hata kwa mwenyekiti wa mtaa. Sikujiandaa kusikia kwamba mzee wa watu alikaa kwake akiitilia shaka akili yake mwenyewe, ili mimi nisionekane nimeshikilia godoro. Nikataka kumwomba radhi, nikasikia sauti yangu inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia.

"Migomba iache," akasema. "Wajukuu watakula. Ila tarehe iko palepale." Akamwambia mke wangu pole, akaondoka.

Mke wangu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliingia ndani, akapanda kwenye kiti, akalitoa lile pazia la maua, akalikunja mara nne kwa uangalifu kama mtu anayelirudisha dukani. Nilisimama mlangoni. Nilisema yote, toka Jumanne, toka mwavuli. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amelikumbatia pazia kifuani.

"Na nyama ukaila," akasema.

Asubuhi yake ni yeye aliyekwenda kwa dalali, siyo mimi. Aliporudi alikuwa na viatu vimejaa tope. Karibu na hapo hapakuwa na kitu; vilivyokuwepo vilichukuliwa, na kimoja mnajua kilichukuliwa kwa msaada wa nani. Kilichopatikana kabla mwezi haujaisha kilikuwa Isongole, kule juu kwenye mashamba ya viazi, vyumba viwili visivyo na baraza, mahali ambapo baridi huingia bila kupiga hodi. Binti yetu akakubali bila neno. Atakuwa anateremka shule na bodaboda kila alfajiri, amevaa sweta mbili. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, kule utakuwa umekaa wapi?" Miaka yote alinijua kama mtu wa barazani.

Siku ya kuhama mke wangu alipanga vyombo, mimi nikafunga cherehani kwa mashuka. Kirikuu ikaja. Nafasi ya mbele walikaa mama na binti, na mimi, kama mlivyokwisha kukisia, nilipangiwa nyuma, kwenye godoro. Dereva akaniambia nilishike lisipeperuke.

Kabla ya kupanda nilikumbuka jembe. Lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma tangu ile Jumamosi, mwezi baada ya mwezi, na mwenyewe hakulidai. Nililiosha kwenye bomba, likang'aa kuliko lilivyokuja, kana kwamba hilo lingesaidia. Nikapita kando ya migomba. Ilikuwa inanifika kifuani. Sikuigusa.

Mama jirani alikuwa uani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Kwenye kamba suruali niliyomshonea mwalimu ilikuwa imeanikwa. Tangu ile Jumapili tulikuwa tunasalimiana tu, mimi nikipita haraka. Nikasimama mbele yake na jembe lake mikononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nilitaka kumwambia kwamba nilifurahia ujirani wake, kwamba nilimkosea, kwamba vyumba vile nilivitamani mpaka nikakosa usingizi. Nikasema, "Mama, nimerudisha jembe."

Hakuinua macho kwenye maharage. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine. Kule barabarani dereva akapiga honi.

"Liweke hapo," akasema. "Na huko unakokwenda, fundi, mwenye nyumba akikwambia hama, mwambie mkeo kwanza, ndipo uje kuazima jembe la watu."